Imekwisha, Imekamilika, au Imetimia?

Siku hizi neno "perfect" limekuwa jibu la kila kitu. Tukutane saa kumi? "Perfect." Ile hela nimeshatuma. "Perfect." Hata asiyejua Kiingereza cha kuombea maji analo. Hapo neno halina uzito wowote, ni sawa na kusema "poa". Lakini neno hilohilo, mtu akilielekeza kwenye kazi ya mikono yake, linageuka mzigo. Kila mwenye marafiki wanaoandika anamjua mmoja ambaye riwaya yake iko "karibu kuisha", na huu ni mwaka wa saba. Ukimuuliza anasubiri nini, atakwambia bado haijawa perfect.

Swali ninalotaka tulitazame ni la maadili zaidi kuliko la kamusi, ingawa itabidi tupitie kwenye kamusi kwanza. Ni lini mtu ana haki ya kusema kazi yake imekamilika? Na kazi yenye kasoro, je, inaweza kuwa kamili? Naona maneno ya Kiingereza ya kumalizia mambo, ambayo tuliyapokea shuleni na sasa tunapimia nayo maisha yetu, yamefunga pamoja maswali mawili yaliyopaswa kukaa mbalimbali. La kwanza: je, imefika mwisho? La pili: je, haina doa? Mtu akishindwa kuyatenganisha, anaweza kukaa na zawadi ya watu mkononi mpaka kaburini.

Tuanze na "perfect" lenyewe. Asili yake ni Kilatini, kitenzi perficere. Per ni kupita hadi upande wa pili, facere ni kufanya. Kwa hiyo kilichoitwa perfectus kilikuwa kitu kilichofanywa mpaka mwisho, basi. Habari ya doa haikuwepo. Neno likapita Ufaransa, likaingia Uingereza kama "parfit", ndivyo lilivyoandikwa zama za Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Ile c tunayoiona leo ilirudishwa baadaye na wasomi waliotaka neno lifanane tena na babu yake wa Kilatini.

Maana hiyo ya zamani haijafa. Imejificha kwa mafundi. Mchapaji akishachapa upande mmoja wa karatasi, kazi ya kuchapa upande wa pili inaitwa "perfecting". Hasemi kwamba karatasi imependeza, maana wino unaweza kuwa umevuja. Anasema tu kwamba sasa ina pande zote mbili. Vitabu vyetu vya jalada laini, ambavyo kurasa zimebandikwa mgongoni kwa gundi, ufungaji wake unaitwa "perfect binding", na kila msomaji anajua jinsi kurasa hizo zinavyonyofoka. Wanahisabati nao huiita 6 "perfect number", kwa sababu namba zinazoigawa, yaani 1, 2 na 3, ukizijumlisha unairudia 6 yenyewe. Namba 28 ni hivyohivyo: 1, 2, 4, 7 na 14. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua.

Mfano ninaoupenda zaidi tunao wenyewe, kwenye sarufi. Kile ambacho Kiingereza hukiita "perfect tense", vitabu vyetu vya shule vimekiita hali timilifu, na alama yake ni -me-. Sasa chukua sentensi hii: kikombe kimevunjika. Hiyo ni hali timilifu! Kikombe kiko vipandevipande sakafuni, lakini sarufi haikiangalii kikombe. Inaangalia tendo, na tendo la kuvunjika limefika mwisho wake.

Sasa ilikuwaje "imemalizika" ikawa "haina kasoro"? Njia yake ni fupi, ndiyo maana wengi hatukuona tulipovuka. Kitu kilichofanywa mpaka mwisho hakipungukiwi na chochote. Kisichopungukiwa na chochote hakina kasoro. Kisicho na kasoro hakiwezi kuboreshwa. Hatua tatu tu, na tayari tumehama mtaa: kutoka kwa mtu wa kawaida aliyemaliza alichokianza, mpaka kwenye sifa ambayo sisi wenyewe husema ni ya Mungu peke yake.

Tofauti hiyo si ya kuchezea maneno. Waliotunga katiba ya Marekani mwaka 1787 waliandika kwenye utangulizi wake kwamba nia yao ni kuunda muungano ulio "more perfect". Wapenda sarufi wamelinung'unikia neno hilo: kama perfect ni kile kisicho na kasoro, huko "zaidi" kunatoka wapi? Lakini kwa maana ya zamani hakuna tatizo. Kazi iliyofika nusu inaweza kusogezwa mbele. Na kweli ilikuwa nusu. Katiba ile iliuacha utumwa uendelee, na marekebisho ya 13 yaliyoupiga marufuku yalikuja mwaka 1865. Marekebisho yaliyokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ni mwanamke yalikuja mwaka 1920. Barack Obama alipozungumzia ubaguzi wa rangi huko Philadelphia, Machi 2008, aliyachukua maneno yaleyale kuwa jina la hotuba. Maana ya zamani ilimpa nafasi ya kusema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba waasisi walianza kitu cha kweli, na kwamba hawakukifikisha mwisho. Angekuwa na ile maana ya "bila doa" peke yake, angebakiwa na njia mbili tu, kuwasifu bila haki au kuwatupa bila haki.

Ndugu za neno hili nao wana mambo yao. "Finish" limetokana na finis, mpaka, kama mpaka wa shamba. Kwa mafundi wetu wa ujenzi "finishing" ni plasta, vigae na rangi. Lakini Mwingereza akisema mtu "is finished", hasemi kwamba mtu huyo amepigwa plasta na kupakwa rangi! Anasema amekwisha, habari yake imeishia hapo. Neno moja linaipamba nyumba na kumzika mtu. "Success" nalo, ambalo leo linauzwa kwenye semina za hamasa kama karanga, kwa asili ni kile kinachofuata nyuma ya kingine. Katika karne ya 16 lingeweza kuwa zuri au baya, na mtu alilazimika kueleza ni lipi. Leo ubaya umefutwa. Kinachofuata kikiwa kibaya, hakihesabiwi kabisa.

"Outcome" ni kile kilichotoka, na hapo Kiingereza na Kiswahili vimekutana bila kupanga, maana matokeo yetu nayo yamezaliwa na kutoka. Kwetu neno matokeo lina siku yake. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, utamsikia kijana wa miaka 17 au 18 akisema, "Nimekwisha." Hajafa, hajaumwa. Lakini kuna kitu kimetoka kwenye orodha, na yeye amekifanya kuwa mwisho wake. Kuchanganya kilichotokea mwisho na mwisho wenyewe ni kosa la zamani sana, na aliyelikamata mapema ni Aristotle.

Katika kitabu cha tano cha Metafizikia, Aristotle analichambua neno la Kigiriki teleion, ambalo Kilatini walilifasiri kwa perfectus. Anaona maana tatu. Kamili ni kitu ambacho hakuna sehemu yake iliyobaki nje. Kamili ni kitu ambacho hakizidiwi na kingine cha aina yake. Na kamili ni kitu kilichofikia lengo lake, telos. Halafu anaongeza jambo la kutikisa kichwa: kwa maana hizo tunaweza pia kumwita mtu mwizi kamili, kwa kuwa hapungukiwi na chochote katika wizi wake. Ukamilifu peke yake, basi, haujamwambia mtu kama alichokamilisha kilistahili kufanywa. Na kwenye kitabu chake cha Fizikia anamcheka mshairi aliyesema kwamba mtu aliyekufa amefikia telos aliyozaliwa kwa ajili yake. Si kila kilicho cha mwisho ni lengo, anasema. Kifo kinakuja mwisho, lakini hatukuzaliwa ili tufe.

Yule kijana wa kidato cha nne angehitaji kuambiwa hivyo mapema. Karatasi ya matokeo ni jambo lililokuja baada ya mitihani. Kuwa mwisho wa mtu, hapana.

Sawa. Kama kukamilika si kutokuwa na doa, na si kufika tu mwisho, ni nini? Jibu lililonishika sikulipata kwa mwanafalsafa, nimelipata kwenye sheria.

Mwaka 1862 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Milroy dhidi ya Lord, ambayo wanafunzi wetu wa sheria hukutana nayo hadi leo wanaposoma misingi ya usawa. Bwana mmoja, Medley, alikuwa na hisa 50 za benki ya Louisiana. Alitaka kumfaidisha Bi. Milroy, akatia saini hati ya kuzikabidhi kwa Lord azishike kwa ajili ya bibi huyo. Nia ilikuwepo, saini ilikuwepo. Lakini hisa zile zilihama tu zikiandikwa kwenye vitabu vya benki, na hazikuandikwa. Medley akafa. Mahakama ikasema hii ni "imperfect gift", zawadi isiyokamilika, na mahakama haiwezi kumkamilishia mtoaji kile ambacho yeye hakukikamilisha.

Angalia neno linavyofanya kazi pale. Zawadi "imperfect" ya dukani ni ile yenye mkwaruzo. Zawadi "imperfect" ya mahakamani ni ile ambayo haikumfikia mpewa. Hisa za Medley hazikuwa na mkwaruzo wowote. Tatizo ni kwamba hazikutoka mikononi mwake. Na kikapu cha maembe ambayo mawili yameanza kuoza, kikishapokelewa na jirani, kwa sheria ni zawadi iliyokamilika.

Hapo ndipo nilipo. Kazi nyingi za binadamu ni zawadi za namna hii, au ni madeni. Mwandishi anaandika ili asomwe, mwalimu anaandaa somo ili lifundishwe, fundi anaunganisha kiti ili kikaliwe. Anayeuliza "je, haina doa?" anajiangalia mwenyewe: nitaonekanaje, watasemaje. Anayeuliza "je, imefika?" anamwangalia mwingine. Ndiyo maana nasema kuing'ang'ania kazi mpaka iwe bila doa si unyenyekevu, ingawa huvaa nguo za unyenyekevu. Mara nyingi ni namna ya kutojikabidhi kwa watu.

Mtaani tunalijua jambo hili bila Kilatini. Familia ngapi zimehamia kwenye nyumba ikiwa na bati, mlango na nondo za madirisha, sakafu bado ya vumbi? Kwa mkandarasi hiyo haijafika hata kwenye "finishing". Kwa mama aliyechoka kulipa kodi, siku alipowasha jiko ndani yake ndipo ilipokuwa nyumba. Na lipo jumba la ghorofa mbili lenye vigae vya kung'aa ambalo mwenyewe anaendelea kulirekebisha kwa mwaka wa kumi, na wanaolala ndani ni popo.

Najua utakachosema. Hoja kama hii ni chakula cha wazembe! Tumeona madarasa yaliyokatiwa utepe na kupigiwa makofi, mvua ya kwanza ikaingia. Yalikabidhiwa, si ndiyo? Tumeona pia vitabu vilivyochapishwa mhariri hajavigusa, kisha mwandishi akajitetea kwamba hakuna mkamilifu. Pingamizi hili ni la haki, nami silikwepi. Lakini angalia kipimo kinachomhukumu mzembe. Hatumhukumu kwa sababu darasa lina doa. Tunamhukumu kwa sababu darasa lina mpokeaji, yaani mtoto anayeloa, na alichopewa mtoto huyo si darasa. Kiti chenye mbao zisizopigwa randa chini ya kalio ni kiti. Kiti kilichong'arishwa, chenye mguu uliopasuka, ni mtego. Kwa hiyo ubora haufutwi na hoja hii. Unapata mwenyewe: kiasi chake kinapimwa na haki ya anayepokea, na siyo na hofu ya anayetoa. Na mwizi kamili wa Aristotle anatukumbusha tuulize pia kama kitu chenyewe kilifaa kuahidiwa tangu mwanzo.

Mfano wa kukamilisha bila kung'ara tunao kwenye michezo, na unajulikana sana, ila nadhani hatujausikiliza neno kwa neno. Mwaka 1968, huko Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alikimbia marathoni ya Olimpiki. Alianguka njiani akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, mguu umefungwa bendeji, watazamaji wengi wameshaondoka. Waliomaliza walikuwa 57, na yeye ndiye wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake, ambalo dunia imelibeba kwa Kiingereza, lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Sikiliza "finish" inavyokaa humo. Imewekwa kinyume cha kuanza. Haikuwekwa kinyume cha kushindwa. Tena kuna kitenzi cha kutumwa: mbio hazikuwa zake peke yake za kuachwa pale goti lilipokataa.

Lakini mbio zilezile zina upande wa pili, nisije nikaonekana nahubiri kwamba anayeacha ni mkosaji. Abebe Bikila, bingwa wa mwaka 1960 na 1964, naye alikuwa barabarani siku ile, na alijitoa baada ya takribani kilomita 17 kwa sababu ya maumivu ya mguu. Kwenye karatasi ya matokeo yeye hakumaliza. Aliyemalizia dhahabu ya Ethiopia alikuwa mwenzake, Wolde. Wakati mwingine kazi inafika kwa miguu ya mtu mwingine.

Na wapenda vitabu ndio tunaopaswa kulijua hili kuliko wote. Virgil alifariki mwaka 19 kabla ya Kristo akiwa bado anaunyoosha utenzi wake mkubwa, na inasimuliwa kwamba alitaka uchomwe moto. Kwa agizo la mtawala Augusto, rafiki zake wakauchapua na kuutoa, na hadi leo una mistari iliyoishia katikati. Ralph Ellison, baada ya riwaya yake ya mwaka 1952, alishughulika na ya pili kwa zaidi ya miaka 40 mpaka kifo chake mwaka 1994. Sehemu yake ilitolewa na mhariri mwaka 1999. Kwetu, Shaaban Robert alitutoka mwaka 1962, na Utubora Mkulima ikawafikia wasomaji mwaka 1968. Hao walifikwa na kifo, kikawa cha mwisho kwao bila kuwa lengo lao. Kazi zao walizigeuza wengine upande wa pili, kama mchapaji na karatasi yake. Ila tusijifariji kupita kiasi: Medley hakupata wa kumkamilishia. Anayetegemea marehemu wake atapata mhariri mwema anacheza bahati nasibu na haki ya wasomaji wake.

Kiswahili, nikimaliza, kimetupa maneno yanayokaa mbalimbali pale ambapo Kiingereza kimeyabananisha. Sukari huisha. Timu hukamilika, wachezaji 11 wakitimu uwanjani. Ahadi hutimia. Jaribu kuyabadilisha uone: ahadi ikiisha, mtu amedhulumiwa. Nadhani kazi ya mtu, na maisha yake pia, yafaa yaulizwe kwa neno la tatu. Si kama yamekwisha, kwa maana yatakwisha tu, hakuna refu lisilo na ncha. Si kama hayana kasoro, kwa maana hilo jibu tunalo. Tuulize kama kilichoahidiwa kimemfikia aliyeahidiwa.

Tena tunayo hitimu, hitima na hatima, ndugu watatu wa mzizi mmoja wa Kiarabu: mmoja wa joho la chuoni, mmoja wa msibani, mmoja wa majaaliwa. Maana ya mzizi huo ni kufunga na kutia muhuri. Na barua inapotiwa muhuri haina maana kwamba mwandiko ni mzuri au kwamba hakuna neno lililokatwa. Inafungwa kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, anaisubiri.